Vipimo vya choo vya kutafuta saratani ya utumbo mpana: uchague kipi, na ukifanyeje Dar es Salaam

Mtu akifika kwenye dirisha la maabara hapa Dar es Salaam akasema "naomba kupima choo", atapewa kikopo, atalipa, na baada ya muda ataitwa achukue majibu: minyoo hakuna, amiba hakuna. Atakunja karatasi yake na kurudi nyumbani roho imetulia. Lakini kama alikuja kwa sababu juzi wamemzika rafiki aliyekufa kwa saratani ya utumbo mpana, naye akataka kujua hali yake, basi ameondoka bila kupimwa alichokijia. Choo chake kimewekwa chini ya hadubini, mayai ya minyoo yametafutwa, na damu haikutafutwa hata kidogo.

Nimekaa upande wa ndani wa dirisha hilo kwa miaka mingi, na nimeona watu wenye nia nzuri kabisa wakipotea njia palepale. Vipimo vya choo vinavyotafuta dalili za saratani vipo vya aina tatu, na havilingani. Msimamo wangu niuseme mapema: kwa mkazi wa Dar es Salaam asiye na dalili yoyote, kipimo cha kuchagua ni kile kinachoitwa FIT, kinachotafuta damu ya binadamu iliyojificha kwenye choo, kifanywe kila mwaka, sampuli ikiwekwa kwenye kichupa chenye maji yake maalumu. Yanayofuata ni kueleza kwa nini nasema hivyo, na namna ya kukilinda kipimo kisiharibikie njiani, maana joto letu hili lina mkono wake katika majibu.

Hatua ya 1: Jua kwanza kama wewe ni wa kupimwa choo

Vipimo hivi ni vya mtu anayejisikia mzima. Kazi yake ni kutafuta damu ambayo jicho halioni, inayodondoka kidogo kidogo kutoka kwenye uvimbe au kwenye polipu, yaani vile vinyama vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo mpana. Baadhi ya polipu hugeuka saratani, na safari hiyo huchukua kama miaka 10. Ndiyo maana kuna nafasi ya kuwahi.

Kama damu unaiona kwa macho yako, humhitaji mtu wa maabara akwambie kwamba ipo. Unamhitaji daktari, na kipimo cha kamera, yaani kolonoskopi, kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana. Vivyo hivyo kama choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, mara kigumu mara kuharisha, bila sababu unayoijua. Kama unapungua uzito hujui kwa nini. Kama kila ukitoka chooni unahisi hujamaliza. Au kama umeambiwa una upungufu wa damu na wewe ni mwanamume, au mama uliyekwisha koma hedhi. Katika hali hizo, FIT ikisoma hasi isikuzuie kumwona daktari.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapowapoteza watu. Mjini kwetu damu yoyote ya haja kubwa ina jina moja tu: bawasiri. Dawa yake inatangazwa kwa spika stendi na sokoni. Bawasiri ipo kweli, na ndiyo inayowasumbua walio wengi. Lakini kuwa na bawasiri hakumkingi mtu na uvimbe ulio juu yake, na damu haisemi imetoka wapi. Baba yangu mkubwa alitibiwa bawasiri kwa mwaka na nusu, mafuta ya kupaka na chupa za mitishamba, bila mtu yeyote kumpima hata kwa kidole, sembuse kamera. Uvimbe ulikuwa kwenye puru, mahali ambapo kidole cha daktari kingeufikia ndani ya dakika moja. Alikuwa anaona aibu kusema, na sisi vijana wake tuliona aibu kumuuliza. Kama una mzee nyumbani anayekwenda chooni mara nyingi kuliko zamani, mwamkie, kaa naye pembeni, muulize. "Shikamoo baba, samahani, lakini naomba nikuulize la mwilini." Hatakasirika kama unavyodhani.

Kuna kundi jingine ambalo halitakiwi kuanza na choo: mtu ambaye mzazi wake, ndugu yake wa tumbo moja au mtoto wake amepata saratani hii. Huyo huanza na kamera moja kwa moja, akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligunduliwa, kutegemea upi unatangulia. Ndugu aligunduliwa akiwa na 42? Wewe anza ukiwa na 32. Aliyewahi kutolewa polipu, au mwenye ugonjwa wa kudumu wa kuvimba utumbo, naye apange na daktari wake.

Wengine wote, umri wa kuanza ni 45. Marekani walikuwa wakianzia 50, lakini mwaka 2021 jopo lao la wataalamu lilishusha hadi 45, kwa sababu ugonjwa unaanza kuwakuta watu mapema. Uingereza humtumia mtu kifaa kwa posta hadi nyumbani, kila baada ya miaka miwili. Kwetu hakuna wa kukugongea mlango, inabidi ujipeleke. Na sababu ipo: utafiti wa majalada ya wagonjwa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba saratani hii nchini Tanzania iliongezeka mara sita ndani ya muongo mmoja. Tena wagonjwa wa Afrika wengi hugunduliwa wakiwa vijana zaidi kuliko wa Ulaya.

Hatua ya 2: Zijue aina tatu, na kila moja inavyofanya kazi

Cha kwanza ni cha zamani, cha gwayaki, jina la mti wa nchi za Karibi ambao utomvu wake hupakwa kwenye karatasi. Choo kidogo kinapakwa juu ya karatasi hiyo, kisha kinadondoshewa haidrojeni peroksaidi. Kama kuna damu, karatasi inageuka buluu. Ni rahisi na ni cha bei ndogo. Udhaifu wake ni kwamba hakijui damu ni ya nani. Supu ya ng'ombe uliyokunywa na chapati asubuhi, mishikaki ya jana usiku, vyote vinaweza kuigeuza buluu. Hakijui pia imetoka wapi: kidonda cha tumbo kitakisisimua, na minyoo ya safura, ambayo hukaa kwenye utumbo mwembamba ikifyonza damu, nayo inaweza. Kwa sisi wa Pwani hilo si jambo dogo. Kina upofu wa upande wa pili pia: vitamini C nyingi, zaidi ya miligramu 250 kwa siku, huizuia rangi isitokee hata kama damu ipo. Vile vidonge vikubwa vya kuyeyusha kwenye maji, ambavyo watu hunywa wakihisi mafua, vinatosha kabisa kukidanganya.

Kwa hiyo anayepima kwa gwayaki ana masharti: siku 3 bila nyama nyekundu, bila vitamini C ya vidonge, na siku 7 bila diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake. Kisha sampuli za haja 3 za nyakati tofauti. Hata akifuata yote, aina iliyo bora ya kipimo hiki hunasa kati ya nusu na robo tatu ya saratani zilizopo.

Hata hivyo nisikidharau. Mwaka 1993 yalitoka matokeo ya utafiti wa Minnesota, Marekani, uliowafuatilia watu 46,551. Waliopimwa kwa gwayaki kila mwaka, na waliokutwa na damu wakaingizwa kamera, vifo vyao vya saratani hii vilipungua kwa theluthi moja. Kipimo dhaifu, kikirudiwa kila mwaka na kufuatwa na kamera, kiliokoa watu. Hilo naomba ulishike, nitalirudia.

Cha pili ni FIT. Hiki kinatumia kingamwili zinazoitambua globini ya binadamu, ile protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Nyama ya ng'ombe au ya mbuzi hakiitambui, kwa hiyo kula supu yako. Na kwa kuwa globini ikitokea tumboni humeng'enywa njiani kabla haijafika chini, FIT ikisoma chanya inaelekeza kidole kwenye utumbo mpana, pale tunapopatafuta. Kwa kawaida sampuli ni moja tu. Hakuna cha kuacha kula, wala dawa ya kusitisha.

Cha tatu kinatafuta damu pamoja na vinasaba vya chembe za uvimbe zilizobanduka na kutoka na choo. Kinachojulikana zaidi ni Cologuard, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2014, na toleo lake jipya mwaka 2024. Kwa hiki, kijiti peke yake hakitoshi. Unapeleka choo kizima ndani ya ndoo yake, ambacho lazima kifike maabara ya kampuni yenyewe, Marekani, ndani ya siku chache. Gharama yake kule inazidi dola 500. Sitakudanganya kwamba ni kitu cha kukifikiria ukiwa Tabata.

Ila watu wanaulizia, hasa wenye ndugu ughaibuni, wakisema "si ndicho bora?" Basi tuweke takwimu mezani. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watu 9,989 waliopimwa wote kwa FIT na kwa kipimo cha vinasaba, kisha wote wakapita kwenye kamera. Kamera iliwakuta watu 65 na saratani. Kipimo cha vinasaba kiliwanasa 60. FIT iliwanasa 48. Kwa polipu za hatari, vinasaba vilinasa asilimia 42, FIT asilimia 24. Upande wa kupiga kelele bila sababu: kati ya watu 100 wasio na kitu cha maana, FIT iliwatisha bure kama 5, cha vinasaba kama 13.

Ukisoma haraka utasema cha vinasaba kimeshinda. Kwa mara moja, ndiyo. Lakini rudi Minnesota. FIT inafanywa kila mwaka, cha vinasaba hadi kila baada ya miaka 3, na polipu inahitaji miaka mingi kugeuka. Iliyoponyoka mwaka huu ina nafasi ya kunaswa mwakani, na mwaka unaofuata. Na wale 13 waliotishwa bure, kila mmoja anahitaji kamera, katika nchi ambayo kamera hazitoshi. Mimi nikipima hayo yote, FIT ya kila mwaka ndiyo ninayompa mama yangu.

Neno moja kabla hatujaendelea. Wakati mwingine daktari akimpima mtu kwa kidole hukipaka choo kilichobaki kwenye glavu juu ya karatasi ya gwayaki, akasema "damu hakuna". Kidole kina kazi yake ya kutafuta uvimbe wa puru, na ni kazi muhimu. Lakini kile kipande cha choo usikihesabu kama kipimo. Utafiti uliofanywa kwa askari wastaafu wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba kati ya watu 100 wenye saratani au polipu za hatari, sampuli ile ya kidoleni iliwanasa 5 tu.

Hatua ya 3: Ulizia kamera kabla hujanunua kipimo

Watu hufanya kinyume: wanapima kwanza, majibu yakitoka chanya ndipo wanaanza kuuliza kolonoskopi iko wapi na ni shilingi ngapi. Hapo hofu imekwisha ingia, hela haijapangwa, na wiki zinakuwa miezi.

Kipimo cha choo peke yake hakitibu wala hakithibitishi. Ni mlinzi wa getini anayesema "hapa kuna jambo". Kwa hiyo, kabla ya yote, pata majibu ya maswali matatu. Kamera nitaifanyia wapi? Hospitali ya Taifa Muhimbili ina kitengo, na baadhi ya hospitali binafsi za mjini wanafanya. Piga simu, uliza foleni ni ya wiki ngapi. Ni kiasi gani, pamoja na dawa ya kusafisha tumbo na gharama ya kupima polipu au kipande cha nyama kama kikitolewa? Na bima yangu inalipa? Hilo la bima uliza kwa maneno kamili: inalipa kwa mtu asiye na dalili, au mpaka awe na majibu ya chanya na barua ya daktari?

Kama majibu ya maswali hayo yanakuonyesha kwamba hela haipo, anza kuiweka sasa, hata kwa kikoba, kisha pima.

Hatua ya 4: Ukifika dirishani, sema hivi

Usiseme "kupima choo". Sema: "Naomba FIT, kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, kile cha kingamwili." Kwenye fomu nyingi utaona herufi FOB. Herufi hizo ni jina la jumla, zinaweza kumaanisha gwayaki au FIT, kwa hiyo uliza: "Chenu kina masharti ya chakula?" Wakikwambia usile nyama, ni gwayaki.

Uliza pia kinasomwaje. Zipo FIT zinazosomwa kwa mashine na kutoa namba, mikrogramu za hemoglobini katika gramu moja ya choo. Marekani huita chanya kuanzia 20. Zipo za kadi ndogo ya plastiki yenye herufi C na T, kama ile ya mimba au ya malaria, zinazosomwa kwa jicho. Ya mashine ni bora, kwa sababu haitegemei macho ya mtu aliyechoka saa tisa alasiri. Kama iliyopo ni ya kadi, si mbaya. Hakikisha tu haijapita tarehe, na ujue kwamba mstari wa T ukitokea, hata uwe hafifu, ni chanya. Nimewahi kusikia mtu akiambiwa "umetokea kidogo tu, usijali". Mstari hafifu hauna maana hiyo.

Swali la mwisho dirishani ndilo muhimu kuliko yote: "Mnanipa kikopo kitupu au kichupa chenye maji yake?" Yale maji huilinda hemoglobini isioze. Choo kikikaa kwenye kikopo kitupu, bakteria na joto huanza kuila damu saa ileile.

Hatua ya 5: Chagua siku

Mama aliye kwenye siku zake asubiri ziishe, na siku 3 zipite. Bawasiri ikiwa inatoa damu wakati huo, au mkojo una damu, subiri vilevile, na mwone daktari kwa ajili ya hiyo damu. Dawa za kuongeza damu zinaweka choo rangi nyeusi lakini hazikifanyi FIT kisome chanya. Aspirini ya moyo usiiache.

Chukua sampuli kati ya Jumatatu na Alhamisi, isije ikalala maabara mwisho wa wiki bila mtu.

Hatua ya 6: Kuchukua sampuli

Kichupa cha FIT ni chembamba kama kidole. Kifuniko kimeshikamana na kijiti, na kwenye ncha ya kijiti kuna mifereji midogo iliyozunguka, kama uzi wa skrubu. Mifereji hiyo ndiyo kipimo cha kiasi: ikijaa, basi. Choo kinachotakiwa ni kama punje ya mchele. Watu wa kwetu, kwa ukarimu, hudhani kikiwa kingi majibu yatakuwa mazuri zaidi. Kikizidi, kinaharibu uwiano na maji, na mashine inasoma uongo.

Andika jina na tarehe kwenye kichupa kabla hujaingia chooni. Kojoa kwanza. Choo kisiguse maji, kwa sababu damu huyeyukia humo, wala kisiguse dawa ya kusafishia choo. Kwenye choo cha kukaa, tandika gazeti au mfuko juu ya maji, ukining'inia kwenye kingo. Kwenye choo cha kuchuchumaa ni rahisi zaidi: beseni dogo la zamani lililooshwa na kukaushwa, au gazeti lililokunjwa mara kadhaa na kuwekwa mbele ya tundu. Ukimaliza, usishike kopo la kunawa kwanza. Chukua sampuli ndipo unawe.

Fungua kichupa kwa kuzungusha. Kwaruza juu ya choo, sehemu tano au sita tofauti, urefu wake wote, maana damu haijaenea sawasawa. Inaweza kuwa upande mmoja tu, pale kilipogusa uvimbe kikipita. Angalia mifereji: imejaa? Rudisha kijiti mara moja, sukuma mpaka usikie "tik". Usikitoe tena kuongeza. Tikisa kidogo, weka kwenye mfuko wake, na huo mfuko ndani ya mwingine. Choo kilichobaki kimwage, gazeti litupe, nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya 7: Safari ya kutoka nyumbani hadi maabara

Hemoglobini haipendi joto. Watafiti wa Italia, kwao wana majira ya baridi kabisa, waliona kwamba FIT zilizoletwa kiangazi zilisoma chanya kwa uchache kuliko za majira ya baridi. Watu walikuwa walewale, ugonjwa uleule. Damu ilioza njiani. Sasa fikiria Dar es Salaam ya Februari, nyuzi 32, foleni ya Buguruni, kichupa kikiwa kwenye dashibodi ya gari iliyofungwa vioo. Hapo ndani ni zaidi ya 32 kwa mbali.

Na ubaya wake ni huu: joto haliharibu majibu kwa kukutisha. Linayaharibu kwa kukupa hasi ya uongo, nawe unarudi nyumbani umefurahi.

Mama mmoja wa makamo alikuja kwenye maabara niliyokuwa nikifanyia kazi, kutoka Mbagala. Nilimwamkia, akaitikia, akatoa kikopo kwenye mfuko mweusi aliouzungushia kipande cha kanga ili watu kwenye daladala wasijue. "Mwanangu, nimekichukua jana jioni, nikasema nisichelewe." Kilikuwa kikopo kitupu, cha vidonge, na kilikuwa cha moto mkononi. Msimamizi alisema tupokee, mteja amekwisha lipa. Kikasoma hasi. Baada ya miezi minane alirudi akiwa ameshikwa mkono na binti yake, viganja vyeupe kama karatasi, na damu sasa inaonekana. Siwezi kuapa kwamba ni joto lililoificha. FIT nayo hukosea hata ikiwa baridi. Lakini sampuli ile haikutakiwa kupokelewa, na tangu siku hiyo sijapokea nyingine ya namna ile, hata mteja afoke.

Basi fanya hivi. Ukiwa na kichupa chenye maji yake, kipeleke siku hiyohiyo. Ukishindwa, kiweke kwenye jokofu, sehemu ya kawaida, kisigande, na kifike kesho yake asubuhi. Soma karatasi ya ndani ya boksi, inasema mwisho ni siku ngapi na nyuzi ngapi. Najua kuweka choo kwenye friji ya familia kuna ukakasi. Kitie ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, mfuko juu yake, kopo kwenye rafu ya mlangoni, na uwaambie watu wa nyumbani. Kama huna friji, panga iwe asubuhi ambayo choo kikitoka tu, wewe unatoka. Ukiwa na kikopo kitupu, kisifike mchana. Ndani ya saa mbili kiwe dirishani, kimewekwa kivulini, ndani ya mfuko wenye chupa ya maji ya baridi. Ukimpa bodaboda, mwambie kisikae kwenye boksi lililoanikwa juani akisubiri abiria mwingine.

Hatua ya 8: Majibu yakiwa chanya

Wengi wanaosoma chanya hawana saratani. Wana polipu, wana bawasiri, au hakuna kinachoonekana. Lakini kujua wewe uko kundi gani kuna njia moja, nayo ni kolonoskopi.

Usirudie FIT. Hili nalisema kwa herufi nzito moyoni, kwa sababu kila wiki namwona mtu anataka kurudia maabara nyingine "kuhakikisha". Polipu haitoi damu kila siku. Ikitoa Jumatatu na kunyamaza Alhamisi, hasi ya Alhamisi haifuti chanya ya Jumatatu. Kurudia ni kucheza bahati nasibu mpaka upate jibu unalolipenda. Na usikae nalo: utafiti wa watu zaidi ya 70,000 wenye FIT chanya, uliochapishwa Marekani mwaka 2017, ulionyesha kwamba waliosubiri zaidi ya miezi 10 kufanya kamera walikutwa na saratani kwa wingi zaidi, na iliyokwisha sogea mbele. Lenga ndani ya miezi miwili au mitatu.

Kamera yenyewe watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Unapewa dawa ya usingizi mwepesi. Kazi iko siku ya kabla yake: unakunywa dawa ya kusafisha utumbo, lita kadhaa, na huli kitu kigumu. Kunywa maji ya madafu, chai ya rangi, supu iliyochujwa isiyo na chembe. Juisi ya rozela acha kabisa, na chochote chekundu, kwa sababu ndani ya utumbo kinafanana na damu. Utumbo usiposafika vizuri, daktari haoni, na utarudia yote. Polipu ikionekana hutolewa palepale, nayo haitapata nafasi ya kugeuka. Uvimbe ukionekana, kipande kinakatwa kwenda kupimwa, na safari ya matibabu inaanza, kwa upasuaji na mara nyingi kwa dawa za Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ikikutwa mapema, saratani hii hutibika, wagonjwa wengi wakapona.

Majibu yakiwa hasi

Hasi ya FIT ni ya mwaka mmoja. Chukua kalamu, nyuma ya karatasi ya majibu andika mwezi huuhuu wa mwaka ujao, na uiweke pamoja na kadi ya bima au cheti cha kuzaliwa, mahali unapopafungua. Katikati ya mwaka huo ukiona damu chooni, usisubiri tarehe, wala usimwonyeshe daktari karatasi ya hasi kama ushahidi kwamba u mzima. Mwonyeshe damu.